Aya ya deni na fomu ya kura: Somo kutoka Kenya

Kila mwaka, katika somo la Maarifa ya Uislamu, huwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha nne aya ya 282 ya Suratul-Baqarah. Hii ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Haizungumzii Pepo wala Moto. Inazungumzia jambo ambalo wengi wetu tungeliona la dukani: watu wawili wakikopeshana kwa muda maalumu, waandike.

Mara ya mwisho nilipoifundisha, binti mmoja aliinua mkono. "Ustadhi, walioteremshiwa aya hii walikuwa Maswahaba. Kwani hawakuaminiana?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimjibu kwamba waliaminiana, tena kuliko sisi, na bado wakaamrishwa kuandika. Karatasi si tusi kwa mtu mwaminifu. Karatasi humlinda mwaminifu asisingiziwe, na humzuia mwenye tamaa asijaribiwe. Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Na kwenye kura za urais je, Ustadhi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele. Nilimwahidi jibu, na makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Sina nia ya kuingia katika mjadala wa iwapo Muislamu apige kura au asipige, wala ubora wa demokrasia ya Magharibi. Mjadala huo una wenyewe. Ninachosema ni kwamba ukishaingia kwenye jambo la kuhesabu haki za watu, sheria ya uadilifu inakuhusu. Wanazuoni kadhaa wa zama hizi, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan na Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameilinganisha kura na shahada, yaani ushahidi. Ukimpigia mtu kura, umeshuhudia kwamba anafaa. Kama hivyo ndivyo, basi anayehesabu kura ni karani wa ushahidi wa mamilioni ya watu, na anayesaini fomu ya matokeo ni shahidi juu ya mashahidi.

Sasa tuitazame aya ya deni inataka nini. Kwanza, jambo liandikwe wakati wake. Pili, mwandishi aandike kwa uadilifu kama Allah (s.w.) alivyomfundisha. Tatu, wawepo mashahidi, na wakiitwa wasikatae. Nne, watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Tano, mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Tuyachukue mambo haya matano tukapimie chaguzi za urais za jirani zetu wa Kenya. Nimechagua Kenya kwa sababu hakuna nchi katika ukanda wetu ambayo ugomvi wake wa kura umeandikwa, ukachunguzwa na kuhukumiwa hadharani kiasi hicho.

2007: Hesabu ilipopotea njiani

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Rais Mwai Kibaki wa PNU alikuwa akitetea kiti chake dhidi ya Raila Odinga wa ODM, na Kalonzo Musyoka alikuwa wa tatu. Siku yenyewe ya kupiga kura ilipita kwa utulivu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na kura zilihesabiwa palepale vituoni. Kila kituo kilijaza karatasi yake ya matokeo, iliyoitwa Fomu 16A. Kutoka hapo hesabu ilitakiwa ijumlishwe jimboni, kisha ifike Nairobi, katika jumba la KICC, ambako Tume ya Uchaguzi chini ya mwenyekiti wake Samuel Kivuitu ilikuwa ikiisubiri.

Mushkeli ulianza njiani. Kivuitu mwenyewe alilalamika mbele ya waandishi wa habari kwamba baadhi ya wasimamizi wake wa majimbo hawapatikani kwenye simu. Matokeo ya mwanzo yalimwonyesha Raila akiongoza, kisha pengo likawa linapungua, na kila lilipopungua ndivyo sauti zilivyopanda ndani ya KICC. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema yapo majimbo ambayo hesabu iliyosomwa jimboni haikulingana na ile iliyotangazwa Nairobi. Watu wa ODM wakadai waonyeshwe fomu za vituo. Tarehe 30 Desemba, mwenyekiti akaingia katika chumba cha pembeni na kutangaza mbele ya kamera za shirika la utangazaji la serikali peke yake: Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993. Tofauti ilikuwa kura 231,728. Jioni ileile Kibaki akaapishwa Ikulu.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, Tanga. Sisi watu wa Tanga tuna ndugu upande wa pili wa Horohoro. Mpaka umepita katikati ya koo. Shangazi yangu ameolewa Ukunda. Nakumbuka baba alikaa na redio mapajani hadi usiku, akijaribu namba ya dada yake bila kumpata. Alipompata siku ya pili, neno la kwanza alilouliza halikuwa nani ameshinda. Aliuliza, "Watoto wako ndani?"

Watoto wa shangazi walisalimika. Wengine hawakusalimika. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo, wakiwemo wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko yale, na malaki wakakimbia makazi yao. Mapatano yalipatikana tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan, na Raila akawa waziri mkuu.

Hebu tujiulize: kwa nini waliolalamika hawakwenda mahakamani? Walisema hawana imani na mahakama. Historia iliwapa sababu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1997, aliyeshindwa na Rais Daniel arap Moi alifungua kesi kupinga matokeo. Kesi ikatupwa kwa hoja kwamba Moi hakukabidhiwa karatasi za madai mkononi mwake. Mlalamikaji huyo hakuwa mwingine ila Mwai Kibaki. Mlango uliofungwa usoni mwake ukabaki umefungwa hata alipokuwa yeye ndiye mwenye ufunguo, na miaka kumi baadaye nchi nzima ikaukuta umefungwa.

Na je, nani alishinda mwaka 2007? Tarehe 2 Januari 2008 waandishi walimuuliza Kivuitu iwapo Kibaki alishinda, naye akajibu kwamba hajui. Mwandishi mkuu wa deni hajui nani anamdai nani! Baadaye iliundwa tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini. Taarifa yake ya Septemba 2008 ilisema kwamba utaratibu wa kujumlisha uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua mshindi wa kweli. Daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya maiti yanayokadiriwa kufika milioni 1.2. Ikasema pia jambo ambalo hakuna upande uliopenda kulisikia: uchafu wa kujaza masanduku ulifanyika katika ngome za pande zote mbili.

Ninarudia: pande zote mbili. Kila upande ulimwona mwizi katika kijiji cha mwenzake. Allah (s.w.) ametuonya katika Suratul-Maidah, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu fulani isitupeleke kuacha uadilifu. Ni rahisi kuisoma aya hiyo ukiwa umedhulumiwa. Mtihani ni kuisoma pale sanduku lililojazwa lipo mtaani kwako na kura zilizozidi ni za mtu wako.

2013 na 2017: Mashine haikukaa mahali pa karatasi

Wakenya walijifunza. Katiba mpya ya mwaka 2010 iliagiza kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe palepale kituoni, na kwamba utaratibu wote uwe wa wazi na unaoweza kuhakikiwa. Ikaweka pia Mahakama ya Juu: anayepinga matokeo ya urais afungue kesi ndani ya siku 7, na mahakama itoe hukumu ndani ya siku 14. Mlango uliofungwa mwaka 1997 ukafunguliwa na ukawekewa saa.

Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulitegemea mashine. Mashine za kutambua wapiga kura zikazima katika vituo vingi, na mtambo wa kurusha matokeo ukakwama. Kura zilizoharibika zikaonekana ukutani kuwa malaki, kumbe programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Tume ikarudi kwenye karatasi. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura elfu chache tu. Raila akaenda mahakamani, akashindwa, akakubali hukumu.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, ambao ndio somo lenyewe. Vituo vilikuwa 40,883. Kila kimoja kilitakiwa kujaza Fomu 34A, kuipiga picha na kuituma. Fomu za vituo zinajumlishwa jimboni katika Fomu 34B, na zile za majimbo zinajumlishwa kitaifa katika Fomu 34C. Tarehe 11 Agosti mwenyekiti wa tume mpya, IEBC, Wafula Chebukati, akatangaza: Uhuru 8,203,290, Raila 6,762,224. Tofauti ilikuwa kura 1,441,066.

Tofauti kubwa namna hiyo, nani angehangaika na karatasi? Lakini walalamikaji walihangaika nazo. Ikadhihirika kwamba siku mshindi alipotangazwa, tume haikuwa na fomu zote za vituo; zilizokosekana zilizidi 10,000. Baadhi ya fomu za majimbo hazikuwa na alama za usalama. Mahakama ilipoamuru mitambo ya kuhifadhi matokeo ifunguliwe ikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili waliopinga, walibatilisha uchaguzi wa rais. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea Afrika.

Wapo waliosema kwamba mahakama imewanyang'anya watu kura zao. Majaji wawili waliopinga, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, nao walikuwa na hoja zao, na ni haki kuzitaja: waliona kwamba makosa ya kutuma karatasi hayawezi kufuta matakwa ya wapiga kura waliojipanga kituoni. Lakini walio wengi waliliona jambo kwa jicho ambalo mwanafunzi wa aya ya deni analifahamu. Ukija kwa kadhi ukasema unamdai mtu shilingi milioni moja na laki nne, kadhi hatakuhukumia kwa sababu milioni ni nyingi. Atakuuliza: maandishi yako wapi? Mashahidi wako ni nani?

Uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba 2017. Raila alisusia, na Uhuru akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura zilizopigwa na watu wachache. Karatasi haikuleta mapatano mwaka ule, na wapo watu waliouawa katika vurugu za miezi ile. Sitaki msomaji adhani kwamba fomu ni hirizi.

2022: Tofauti ileile, mwisho mwingine

Tufike uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Safari hii tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye intaneti, wazi kwa kila mtu. Vituo vilikuwa 46,229, na ndani ya siku mbili fomu karibu zote zilikuwa zimefika. Muuza mitumba wa Mombasa aliweza kuifungua fomu ya kituo alichopigia kura na kuona namba na saini. Vyombo vya habari, vyama na vijana wenye kompyuta vyumbani mwao wakakaa kujumlisha, kila mmoja kwa hesabu yake.

Tarehe 15 Agosti, katika ukumbi wa Bomas, Chebukati akamtangaza William Ruto kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Haikuwa shwari. Watu walirushiana viti na kusukumana jukwaani, na makamishna wanne kati ya saba wakatoka na kuyakana matokeo. Walitoa hoja kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01. Raila akaenda mahakamani. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome ikaamuru masanduku ya vituo kadhaa yafunguliwe na fomu zilinganishwe. Tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote saba kwa kauli moja wakasema tofauti zilizodaiwa hazikuonekana. Raila akasema hakubaliani na hukumu lakini anaiheshimu. Nchi ikarudi kazini.

Sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu. Tofauti ya Ruto na Raila mwaka 2022 ilikuwa kura 233,211. Ya Kibaki na Raila mwaka 2007 ilikuwa 231,728. Ukitoa moja katika nyingine, hazipishani hata kura 1,500. Nchi ni ileile, mgombea aliyeshindwa ni yuleyule, pengo ni karibu lilelile. Mara ya kwanza walikufa watu zaidi ya elfu moja. Mara ya pili watu walikwenda mahakamani na karatasi.

Na uongeze hili: kura milioni moja na laki nne za mwaka 2017 zilianguka, na kura laki mbili za mwaka 2022 zikasimama. Kwa hiyo hoja tunayoizoea vibarazani, kwamba "tofauti ilikuwa kubwa, hata wakiiba isingefika", au "tofauti ilikuwa ndogo, lazima wameiba", haina uzito. Ukubwa wa pengo si ushahidi. Ushahidi ni fomu iliyoandikwa kituoni, mbele ya mashahidi, ambayo wewe na mimi tunaweza kuiona.

Si karatasi peke yake iliyoleta tofauti hiyo. Ilikuwepo mahakama iliyokwisha kuonyesha mwaka 2017 kwamba inaweza kumwambia rais aliye madarakani "hapana". Walikuwepo pia watu waliokumbuka makaburi. Lakini bila karatasi mahakama ingehukumu kwa nini?

Mwandishi na shahidi

Nimesema aya ya deni ina sharti la tano, kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Hapa Kenya haijafaulu. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, ofisa wa IEBC aliyesimamia teknolojia, alikutwa ameuawa. Oktoba mwaka huohuo kamishna Roselyn Akombe alijiuzulu akiwa Marekani, akisema anahofia maisha yake. Agosti 2022 msimamizi wa uchaguzi wa jimbo moja la Nairobi alitoweka akiwa kazini, na siku kadhaa baadaye akakutwa amekufa. Yule anayeshika kalamu akiogopa, kalamu huandika anayoyataka aliyemwogopesha.

Lakini si kila mwandishi hutishwa kwa bunduki. Wengine hutishwa kwa jambo dogo sana, na hapa ndipo niliposhindwa kucheka darasani.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu mgeni katika shule moja ambayo sitaitaja, tulifanya uchaguzi wa kaka mkuu. Niliteuliwa kuwa mmoja wa walimu watatu wa kuhesabu. Tulihesabu vizuri, na kijana mmoja akapata kura 214, mwenzake 197. Mkuu wangu wa kazi akaingia, akatazama karatasi, akasema yule wa 214 ni mbishi na atatusumbua. Akasema zibadilishwe tu, ni mambo ya watoto. Mwenzangu akaandika upya. Karatasi ikanifikia. Nilikuwa na miezi minne kazini, na barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa bado haijatoka. Nilisaini.

Jioni yule kijana alinifuata msikitini baada ya Maghrib. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ustadhi, mimi nilipata ngapi?" Nikamjibu, "Matokeo yamebandikwa ubaoni."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawasawa na kulirudia neno hilo hadi Maswahaba wakatamani anyamaze. Niliifundisha hadithi hiyo muhula uleule, na nikaisahihishia mtihani.

Miaka ikapita. Nikakutana naye Ngamiani, ana duka lake la vipuri vya pikipiki. Nilimweleza yote na kumwomba radhi. Akatabasamu. "Ustadhi, nilijua siku ileile. Tulikuwa nyuma ya dirisha, tulikuwa tunahesabu na nyinyi." Akanisamehe, Allah amlipe kheri. Kisha akaongeza neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani: "Ila tangu siku ile sijapiga kura yoyote. Naona ni kupoteza mafuta ya pikipiki."

Kura 17 za shule. Hakuna aliyekufa, wala nyumba iliyochomwa. Lakini mtu mzima mmoja, mwenye akili na mwenye kipawa cha uongozi, ameamini kwamba kuhesabu ni mchezo, na aliyemfundisha hivyo ni mwalimu wake wa dini. Tunapolaumu tume za uchaguzi, tukumbuke kwamba makarani wake hawakushuka kutoka mbinguni. Wamesoma katika shule zetu na wamesaini kwanza karatasi zetu ndogo: za kaka mkuu, za kamati ya msikiti, za ushirika, za mchango wa madrasa. Ndiyo maana aya ikasema tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Aliyezoea kuandika dogo kwa haki hatatetemeka likija kubwa.

Tufanye nini?

La kwanza, anayekubali kuwa wakala wa mgombea ajue ameitwa kuwa shahidi. Asisaini fomu kabla kura hazijahesabiwa mbele yake, hata kama jua limezama na watu wana njaa. Adai nakala, na ahakikishe nyingine imebandikwa mlangoni. Posho ya wakala si bei ya saini yake.

La pili, mwalimu au mtumishi anayeitwa kusimamia kituo aiogope siku ambayo fomu yake itasomwa mbele ya Mola wake. Akiona anashinikizwa, bora aache kazi kuliko kuandika uongo. Nalisema hili nikijua gharama yake, kwa sababu mimi mwenyewe sikuilipa.

La tatu, tudai milango ya kuhakiki. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 41(7), imeweka kwamba mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Mwenye karatasi asiye na kadhi wa kumpelekea ni sawa na mwenye deni lisilo na mahakama. Wakenya walilijua hilo kwa damu. Sisi hatuna sababu ya kulijua kwa njia hiyo.

La nne, sisi wapiga kura tujifunze kuukubali ushahidi unapotukataa. Anayedai fomu ziwekwe wazi, kisha zikiwekwa akazikana kwa kuwa hazimtaji mtu wake, hakutafuta haki. Alitafuta ushindi. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Kivuitu alifariki mwaka 2013, Kibaki mwaka 2022, Chebukati na Raila mwaka 2025. Hawa wote wameshaondoka, na hakuna anayejua kwa yakini nani alishinda mwaka 2007 isipokuwa Allah (s.w.), ambaye kwake hakuna fomu iliyopotea njiani.

Binti aliyeniuliza swali atapiga kura yake ya kwanza akitimiza miaka 18. Nimemwambia kwamba Maswahaba waliandika si kwa sababu hawakuaminiana, bali ili waendelee kuaminiana. Na yule ndugu yangu wa Ngamiani, akisoma makala haya, namwambia tena mbele ya wasomaji wote nililopaswa kumwambia jioni ile msikitini: ulipata 214.

Wallahu a'lam.